Salamu za Chrispin

Jumatatu asubuhi Philomena alipofika redioni, Tarime mjini, alikuta benchi la mapokezi limejaa vijana waliokufa. Aliwasalimia, akachukua ufagio, akaanza kufagia udongo mwekundu waliokuwa wanaudondosha sakafuni. Udongo wenyewe ulikuwa hauishi. Alifagia hivyo hivyo, maana kazi ni kazi.

Zamani asingeshika ufagio. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma matangazo ya vifo kila jioni, na watu walikuwa wananyamaza, hata kwenye vilabu vya pombe. Kisha makao makuu wakasema redio ya umma imekuwa redio ya wazee, vijana wote wamehamia kwenye simu. Wakaleta mtangazaji mwenye hereni, Jackson, wakaleta singeli na bongofleva kutwa nzima, na matangazo ya vifo wakayafuta kwa sababu eti yanapoza studio. Philomena akapewa mapokezi. Hakugomba. Alikuwa amechoka, ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao.

Kijana mmoja mwenye mabuti ya mpira aliinuka.

"Shikamoo mama. Nimekuja kutangaza kifo."

"Marahaba. Cha nani?"

"Changu. Naitwa Chrispin, wa Sengerema."

Walikuwa wanachimba dhahabu, duara, lile shimo lao la kuchimbia, likawaporomokea. Mwenye duara akafukia juu, akawaambia watu kwamba vijana wamerudi kwao. Simu ya Chrispin ilibaki chini huko, na namba ya mama yake ndani. Mama huyo kila jioni anamwekea mwanawe ugali, anaufunika, asubuhi anawamwagia kuku. Chrispin alishapita kumwangalia. Kuku wamenenepa, mama amekonda. Alitaka kitu kimoja tu: mama aambiwe, aache kumpikia, naye aende zake. Marehemu asiyetangazwa haondoki. Hilo Philomena alilijua siku nyingi.

Akaenda kwa meneja, Nashoni. Nashoni akachungulia. Spika ya mapokezi ilikuwa inapiga singeli, na benchi zima lilikuwa linatikisa vichwa.

"Si ndio hawa tuliokuwa tunawatafuta?" alisema, akawapiga picha ya kutuma makao makuu. Kwenye picha benchi lilitoka tupu. Akaandika maelezo chini ya picha.

"Bosi, wanataka watangazwe."

"Vifo hatusomi, Philo, unajua. Mpe Jackson majina awarushie salamu."

Jackson naye hakuwa na hiyana. "Sengerema mpo? Mama Chrispin popote ulipo, salamu kutoka kwa Chrispin mwenyewe, mzee wa machimbo! Tuko naye hapa, anasema anakupenda balaa!" Akapandisha muziki. Chrispin alisimama, akajiweka sawa, akasubiri kuondoka. Hakuondoka. Akakaa tena.

Mawimbi yao yanavuka ziwa. Wimbo haujaisha, simu ya mapokezi ikalia.

"Mwanangu yupo hapo?" Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilijua mimi! Majirani wananiambia nikubali, nikawaambia ng'o! Anarudi lini? Nimeshakamata kuku."

Philomena akamtazama Chrispin. Chrispin akaitikia kwa kichwa: mwambie.

Jamani, maneno alikuwa nayo, tena kwa moyo. Lakini miaka yote aliwaambia watu wote kwa mpigo, akiwa nyuma ya kioo. Kumwambia mtu mmoja, mama anayecheka, hakuwahi hata mara moja. Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Haloo? Mama wa redio, upo?"

"Nipo, mama," alisema Philomena. "Tukupigie wimbo gani?"

Mama akataja wimbo ambao mwanawe alikuwa akiuimba akienda kuoga. Philomena akampelekea Jackson, kisha akarudi kwenye meza yake. Mlangoni walikuwa wanaingia vijana wengine wenye mabuti, wanasema shikamoo mmoja mmoja, na Chrispin akasogea kidogo ili wapate pa kukaa.