Caro Amehamishiwa Thelujini

Musembi aliitwa kutoa vumbi tu. Kompyuta ya Nasimiyu, pale kwenye kibanda chake cha kuchapa barua Kenyatta Market, ilikuwa imeanza kuvuma kama kinu cha unga. Fundi akaibeba hadi kwake Jamhuri, akaipuliza, ikanyamaza. Angeishia hapo angekuwa mtu wa amani. Lakini Musembi ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu cha mwenzake kimekaa ovyo akakiacha. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya wanawake arobaini wa chama cha soko, na juu yao folda zimetapakaa kama mahindi yaliyomwagika. Akasikitika. Akaweka picha ya mlima wenye theluji, akapanga folda zote mstari mmoja, zikanyooka kama wanafunzi wa bweni.

Ijumaa asubuhi akairudisha, akasimama kando akingoja sifa.

Nasimiyu alivaa miwani, akatazama. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Watu wangu wako wapi?"

"Watu gani, Mama?"

"Folda ya Ajwang inakaa juu ya kichwa ya Ajwang. Ya Mama Kiema inakaa kwa kilemba yake. Sasa hii mlima ni ya nani?"

Miaka kumi na moja Nasimiyu hakuwahi kuandika jina la mteja kwenye folda. Sokoni watu husoma kupitia bega lako huku wakikusalimia. Andika "Ajwang, kesi ya mume", na kabla nyama ya mchana haijaiva wachomaji wote wanajua. Kwa hivyo kila folda iliitwa Folda Mpya na nambari yake, na mwenyewe alijulikana kwa kichwa ilichokalia.

Ndipo akaingia Carolyne, msusi wa kibanda cha pili, kitana kimechomekwa nywelini.

"Nasimiyu, nichapie ile karatasi ya mitindo ya harusi. Yule mama wa Muthangari anaitaka saa sita, ama apeleke kazi kwa saluni ya tao, huko mjini."

Ilikuwa saa tano na robo. Tangu aanze kusuka kwenye kigoda cha kuazima, Carolyne alikuwa hajawahi kupata harusi nzima.

"Ngoja kidogo, Caro. Huyu fundi amekuhamisha."

"Amenipeleka wapi?"

"Kwa theluji."

Musembi akaunyoosha mkono kwenye mausi afungue folda moja moja. Nasimiyu akaupiga kofi.

"Hizo ni siri za watu. Umeoa hapa hapa sokoni. Ukijua mambo ya shemeji zako utakula kwa nani?"

Musembi akajikuna kidevu. "Caro, hii kazi uliileta siku gani?"

"Mimi ni kalenda?"

"Siku hiyo kulitokea nini?"

Carolyne akafikiri. "Stima ilipotea. Mama Kiema akaenda nyumbani nywele nusu imekauka, nusu maji."

"Hiyo ni Jumanne," Nasimiyu akasema papo hapo.

Musembi akapanga folda kwa tarehe. Za Jumanne zilikuwa tatu. Nasimiyu akawageuza wote wawili waangalie ukuta, akafungua ya kwanza, akakohoa. Ya pili akacheka mpaka kiti kikalia.

"Angalia ukuta, Musembi."

"Naangalia, Mama. Ni masikio tu yamegeuka."

Ya tatu, printa ikaanza kuguruma. Carolyne akazinyakua karatasi zikiwa bado moto, akapanda bodaboda na aproni yake.

Saa saba kasoro Carolyne akapiga simu. "Wamekubali," akasema. "Wasimamizi saba, bibi harusi na mama yake. Sasa mwambie huyo fundi anitoe kwa baridi."

Musembi akairudisha picha ya zamani, Nasimiyu akaanza kumrudishia kila mtu folda yake, lakini habari zilikuwa zimeshazunguka. Ajwang alikuja kuona alipokuwa amekalishwa, akalalamika kwamba folda ilimfunika uso. Jacklyne wa shanga, aliyekuja sokoni baada ya picha kupigwa, alitaka kujua kwa nini folda yake ilikuwa inakalia mti. Ikabidi picha mpya.

Saa tisa Musembi alikuwa juu ya kreti ya soda, simu mkononi, na mbele yake wanawake hamsini wakisukumana na kupakana mafuta ya midomo.

"Achianeni nafasi kidogo," akawaambia. "Ajwang, toka kwa bega ya mwenzako. Folda yake itakaa wapi?"

"Na mcheke," Nasimiyu akaongeza kutoka mstari wa mbele. "Ni mimi nitawaangalia kila siku."