Nyanya za Kurudishwa

Mpishi wa nyumba ya geti jeusi alikuwa na cheo ambacho hakikuandikwa popote. Ndani ya nyumba alikuwa mpishi tu, wa kuambiwa leo chumvi imezidi. Lakini akitokea sokoni na kikapu chake kikubwa, wauzaji walimpisha njia, wakamfutia benchi, wakamwita bosi. Kwamba hela si yake, kila mtu alijua. Ila jicho lilikuwa lake, na hilo jicho ndilo lililoamua nani auze asubuhi ile na nani apigwe na jua bure.

Mwisho wa mzunguko wake ulikuwa meza ya muuza nyanya, mwanamke wa makamo mwenye mdomo usio na breki. Waliitana wifi, kwa kuwa mpishi aliwahi kumposa kwa niaba ya kaka yake, na kaka mwenyewe hajaulizwa mpaka leo. Walizoea kuzozana bei hadi wapita njia wasimame kusikiliza, kisha nyongeza itupwe kikapuni, na wawili hao wakae wapige soga mpaka mpishi akumbuke kwamba kuna watu wanasubiri kula.

Siku moja mama mwenye nyumba, ambaye mpishi alimwita mama ingawa mpishi ndiye aliyekuwa mkubwa kwa mbali, akamwonyesha simu.

"Dada, kuchoka basi. Kuanzia leo kila kitu kinaletwa kutoka supamaketi. Wewe upumzike."

"Asante, mama," akajibu mpishi, roho ikimuuma.

Angesema nini? Nani amewahi kulalamika kwamba amepunguziwa kazi? Angeng'ang'ania soko, angeonekana kwamba kumbe siku zote alikuwa anachota chenji. Akasugua masufuria ambayo yalikuwa safi tayari. Hakukuwa tena na mahali anapoitwa bosi, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko alivyotegemea.

Njia aliipata mlangoni, miezi kadhaa baadaye. Mzigo usiopendeza uliruhusiwa kurudishwa na pikipiki ile ile iliyouleta, na kazi ya kukagua aliachiwa yeye. Nyanya zikaja, ngumu, nyekundu, zimeoshwa. Mpishi akazibonyeza kwa kidole gumba.

"Zimelala hizi. Rudisha."

Zikaja nyingine. "Hizi maji matupu." Zikaja nyingine, akasema zina ngozi ya kiatu. Kila mara mama alisikitika na kutuma malalamiko kwa simu, na kila mara mpishi alisubiri kusikia neno moja: chukua kikapu. Mtu aliyezichagua nyanya hizo kule supamaketi, mpishi hakumfikiria hata kidogo. Kwake, nyanya zilitoka supamaketi kama maji yanavyotoka bombani.

Sasa, supamaketi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mchaguaji wa bidhaa ambaye mizigo yake inarudi rudi hutumwa aende mwenyewe kwa mteja na mzigo mpya, akaombe radhi kwa mdomo wake. Na huo nao ukirudi, asihangaike kurudi kazini.

Kengele ikalia. Siku hiyo mama alikuwepo, akafuatana na mpishi hadi mlango wa jikoni. Kizingitini amesimama mwanamke mwenye aproni ya kijani, kofia imemfunika macho, mfuko ameukumbatia.

"Mteja wetu mpendwa," akaanza, kama mtu aliyekariri, "mimi ndiye niliyekuchagulia bidhaa ambazo hazikukuridhisha. Ninaomba..."

Akainua uso, na maneno yakaishia hapo. Alikuwa muuza nyanya.

"Maskini, ameogopa," mama akasema. "Dada, kagua. Kama mbaya sema tu, usimwonee aibu, ukinikataza kununua hapo nitafuta oda zote."

Mpishi akafungua mfuko. Nyanya zilipangwa vikonyo juu, safu kwa safu, vile vile zilivyopangwa sokoni. Bila shaka hata zile alizorudisha zilipangwa hivyo, na yeye, mwenye jicho lake, hakuwahi kutazama.

Akisema mbaya, wifi hana kazi, na yeye anarudishiwa kikapu chake. Akisema nzuri, soko ndiyo basi tena. Na hata hilo lisingetosha, maana malalamiko ya nyuma yangebaki palepale, yakimwelemea wifi kazini.

"Nzuri," akasema. "Na zote nilizorudisha zilikuwa nzuri, mama. Nilikudanganya."

"Unidanganye kwa nyanya? Kwa nini?"

"Nilitaka unitume sokoni."

Mama akamkodolea macho. "Si ungesema tu, dada?" Alimaanisha, na hilo ndilo lililouma. "Basi, nenda Jumamosi. Nenda ukatembee."

"Kwanza yafute yale malalamiko, mama. Sasa hivi, tafadhali."

Hakuwahi kumwamrisha hata siku moja. Mama akaandika, na mpishi akasimama pembeni yake bila kuondoka mpaka ujumbe ulipokwenda.

Akamsindikiza mwenzake getini.

"Umesikia? Jumamosi nakuja tukae."

"Uje wapi? Meza nimeshaiacha. Mlipopotea nyinyi wa vikapu vikubwa, nyanya nikawa narudi nazo nyumbani. Tumekula nyanya mpaka wanangu wananuna. Nikaenda kuomba kazi hukohuko mlikohamia." Akavuta pumzi. "Na wewe mteja wa geti jeusi, kila asubuhi nilikuwa nakuapiza."

"Ukisemaje?"

"Ule usishibe."

Mpishi akacheka, peke yake.

"Wifi, haki ya Mungu sikujua ni wewe."

"Najua hukujua," akasema yule mwanamke, akivuta kofia yake chini. "Na angekuwa mwingine?"

Dereva wa pikipiki akapiga honi. Wifi hakusubiri jibu. Alipanda nyuma ya pikipiki, wakaondoka.