Viatu Nyuma ya Turubai

Niliota usiku wa jana, na ndoto yenyewe ilianza kwa kazi, kana kwamba mchana haukunitosha.

Mimi ni Osmund Haule, napiga video za harusi na sendofu, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa, hapa Songea. Watu hudhani kazi yangu ni kubeba kamera. Kazi yenyewe huanza baadaye: unamwaga klipu zote kwenye kompyuta, unazitazama moja moja, unazipa majina, unazipanga kwenye mafolda, ndipo ushike kukata na kuunga. Ukiruka hapo, umekwisha.

Jana nilikuwa napanga sendofu ya Editha Mapunda, iliyokuwa imelala kwenye kompyuta muda mrefu, huku nimenuna. Siku ya sherehe yenyewe kamera ilinifanyia kitu ambacho kila mpiga video kimemkuta na hakuna anayekisema. Nilibonyeza nikidhani nawasha, kumbe nazima. Nikidhani nazima, kumbe nawasha. Kwa hiyo keki sina. Ninazo nyasi, kamera ikining'inia mkononi au imelazwa chini huku mimi natafuta soda.

Na Editha aliomba jambo moja tu. Ulipofika wakati wa kuwalisha wazazi keki, kiti cha baba yake kilikuwa kitupu. MC aliita mpaka akachoka, mama akalishwa peke yake, na wageni wote wakaelewa kwamba mzee hamtaki mkwe. Editha akaondoka kwenda kwa mumewe na donge lake, bila kuuliza. Aliporudi kumuuguza baba yake, mzee alishapotewa na kauli. Sasa amezikwa. Binti anataka kuona kwenye video baba yake alikuwa anakwenda wapi, na kwa sura gani.

Nikampigia simu nikamwambia hakuna kitu. Kisha nikazifuta zile nyasi zote, pipa la kompyuta nikalimwaga, nikalala. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaisafisha zamani kwa ajili ya sherehe ya kipaimara.

Ndotoni naingia chumba cha kazi, nakuta klipu zimekaa kwenye mabenchi kama wagonjwa zahanati. Mezani amekaa Kadi, ile ya kamera, kavaa kofia ya nesi, hacheki.

"Anza kuwapa majina," anasema.

Klipu ya kwanza ni sinia la pilau. Inalalamika kwamba tangu izaliwe inaitwa kwa namba, na kwamba hakuna mama anayemwita mwanawe namba. Naona ina haki. Naiita Pilau Kabla ya Wageni, inashukuru, inakwenda kukaa kwenye folda lake. Shangazi anayecheza bila ngoma naye nampa jina. Anauliza kama anaweza kuacha kucheza sasa. Namwambia mpaka nimkate. Anasema sawa, anaendelea.

"Nakala yako iko wapi?" Kadi ananiuliza.

Nasema sina nakala, niko mwenyewe.

"Kanuni ni nakala mbili, nyumba mbili."

Ananigonga muhuri kichwani, tunakuwa wawili. Yule wa pili anaambiwa akahifadhiwe kwa shemeji yangu, mtaa wa Lizaboni. Anachukua koti langu, anaondoka bila kuaga. Namwonea huruma, maana kwa shemeji maharage hayaivi.

Mwisho wa benchi kuna viatu vyeusi vya kamba, vimeng'arishwa, havina mtu.

"Sisi hatujaitwa," vinasema.

Navijibu kwamba folda la viatu silijui, na kwamba hapo ninapotazama mimi naona nyasi.

"Ulitazama kile kipicha kidogo cha mwanzo, ukaona nyasi, basi. Hukutufungua."

Kadi anashusha macho. Anasema hao nimeshawafuta, wamekuja kuaga tu. Ananionyesha mlango wa nyuma, na mlango ukifunguka si nyuma ya nyumba yangu tena, ni nyuma ya turubai la sendofu, mchana kweupe.

Mzee Mapunda amesimama juu ya nyasi. Kavaa suti, tai na ua la kifuani. Miguuni yuko peku.

Anazungumza, lakini sauti haitoki kinywani. Inatoka kwenye sufuria la wapishi, tena imechelewa, mdomo ukishafunga ndipo inafika.

"Piga kofi," viatu vinaniambia. "Si ndivyo mnavyooanisha sauti na picha?"

Ndivyo. Napiga kofi moja mbele ya uso wake, na sauti inaliacha sufuria, inarudi kwake.

"Osmund mwanangu," anasema, "viatu hivi si vyangu. Nimeviazima kwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Vyangu vimetoboka, nikaona nitamwaibisha mtoto mbele ya wakwe. Sasa nimevivua nipumue kidogo, miguu imevimba, haviingii tena."

Anainama, anasukuma mguu, kidole kidogo kinakunjika. Upande wa pili wa turubai MC anamwita, baba mzazi, baba mzazi, tunakusubiri kwa upendo. Watu wanacheka kidogo, halafu hawacheki.

"Nenda hivyo hivyo peku, mzee," namwambia.

"Mbele ya wakwe?"

Namweleza kwamba akibaki hapa watasema hamtaki mkwe.

"Mkwe?" Anashangaa kweli. "Mkwe ana kosa gani?"

Nainua kamera haraka, maana hili Editha lazima alione. Nabonyeza. Taa nyekundu inazimika. Nabonyeza tena, inawaka, na kamera imekwisha kuinama yenyewe inatazama nyasi. Nainyanyua kwa mikono miwili, nzito, haiji. Natamani kulia, na sioni ajabu yoyote kwamba viatu vimetangulia kulia.

Mzee anasikiliza makofi machache ya upande wa pili. "Mama yake kashalishwa," anasema. Anapangusa vile viatu kwa kitambaa cha mfukoni, ananipa. "Vaa wewe. Hiyo mashine yako haina kumbukumbu."

Navivaa. Vinabana hasa. Nalizunguka turubai kuelekea kwenye keki, na turubai linarefuka, kila nikifika kona kuna kona nyingine. Namwona Editha kwa mbali, kaushika uma wenye kipande cha keki, anatazama kiti kitupu. Anageuka, anaitazama miguu yangu.

Nikaamka.

Nilikaa kitandani nikijicheka, mtu mzima. Nikashuka nivae kandambili, nikasema aaa. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa na lengelenge bichi, limejaa maji. Mimi navaa kandambili mwaka mzima, mpaka kanisani, mke wangu kachoka kugomba.

Asubuhi Editha alikuja kuchukua flashi yake yenye video. Nilikuwa nimepanga kumkabidhi, nimpe pole, yaishe.

"Kaka Osmund, mguu umefanyaje?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba klipu ilikuwepo na nimeifuta mimi, jana, bila kuifungua, na kwamba sina cha kumwonyesha isipokuwa maneno ya ndoto. Nilijua nitaonekana mwendawazimu, na naapa ningependa anitukane.

Hakunitukana. Alichuchumaa akakitazama kile kidole muda mrefu.

"Baba alikuwa na kovu hapo hapo," alisema. "Nililiona siku namwosha miguu. Nikamuuliza, baba, hapa paliumia wapi? Akauvuta mguu, akauficha ndani ya shuka, akageukia ukutani. Mimi nikadhani bado ana hasira na mimi."