Komeo la Mama Pacha

Asubuhi ya Jumamosi Mama Pacha alimwomba mumewe afunge komeo kwenye mlango wa chumba chao cha kulala. Alikuwa amelishika mkononi, jipya, bado limo kwenye plastiki yake pamoja na skrubu zake.

"Lifungwe kwa ndani," alisema.

"Ili mimi nibaki nje," alisema Baba Pacha.

"Ndiyo."

Baba Pacha akalipokea, akaligeuza huku na huku, akasema ni komeo zuri, zito, chuma chake si cha kubabaisha. Alikuwa mtunza bohari kwenye kiwanda cha magodoro, na hakuwa mtu wa kukataa kazi ya mkono kwa sababu tu kazi yenyewe ilimhusu yeye. Akaenda kuchukua drili ya betri.

Ugomvi wao ulihusu cherehani. Mama Pacha alikuwa amekwenda kumuuguza shangazi yake, na aliporudi akakuta kwenye kona ilipokaa cherehani yake kuna ndoo na fagio. Mumewe alikuwa amempa dada yake. Alipoulizwa, alijibu kwamba cherehani ilikuwa imekaa tu, na dada alikuwa na mapazia ya kushona. Yote mawili yalikuwa kweli, na hapo ndipo alipoharibu. Tangu hapo Mama Pacha aliongea naye kwa heshima kamili, kama mtu aongeavyo na karani wa posta. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hakukuwa na wa kupitishia maneno.

Baba Pacha alipima, akaweka alama kwa penseli, akatia biti, kile chuma cha kutobolea, kwenye mdomo wa drili, akaukaza na kubonyeza. Mdomo ukazunguka. Biti haikuzunguka. Ilisimama pale kwenye alama ya penseli, kama vile kelele zile hazikuihusu.

"Haishiki," alisema Mama Pacha. Alikuwa ameegemea mlango kwa bega ili usicheze.

"Sijaikaza vizuri."

Akaukaza tena, safari hii mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akabonyeza. Biti ikatoka mdomoni na kudondoka sakafuni.

Akabadilisha betri.

"Betri inaingiaje hapo?" aliuliza mkewe. "Mashine inazunguka."

"Naondoa sababu moja moja."

Akabadilisha biti, akatia nene zaidi. Nayo ikateleza. Akaizungushia kipande cha gazeti ili mdomo uikumbatie. Gazeti likachanika na chumba kikanuka kuungua.

"Tupige misumari," alisema Mama Pacha.

"Komeo la misumari linang'oka kwa teke moja."

"Nani atapiga teke?"

"Nasema kwa ujumla."

Wakaipeleka drili dirishani kwenye mwanga, wakaichungulia vichwa vikikaribia kugusana. Ndani ya mdomo kulikuwa na meno matatu ya chuma ambayo ndiyo hukutana katikati na kuishika biti. Mawili yalitoka sawasawa kila alipokaza. La tatu lilibaki ndani, halina habari.

"Biti inashikwa na meno mawili," alisema Baba Pacha. "Ndiyo maana inakaa upande."

"Na kile cha kijivu ni nini?"

Kilikuwa vumbi la saruji. Baba Pacha alikumbuka kwamba alitoboa dari ya jirani akiwa ameielekeza drili juu, na vumbi lote likaingia mdomoni. Baadaye akaihifadhi kabatini hivyo hivyo, na vumbi likaganda.

"Ni kama cherehani," alisema Mama Pacha. "Ukiacha vumbi la nyuzi likae chini ya sindano, inaanza kuruka mishono. Unasugua kwa brashi ndogo, unatia tone la mafuta, basi."

"Hiyo brashi iko wapi?"

"Kwenye droo ya cherehani."

"Na mafuta?"

"Droo hiyo hiyo."

Baba Pacha aliendelea kuchungulia mdomo wa drili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hatimaye akavaa viatu.

Dada yake aliishi mtaa wa nyuma. Alimkuta ameinamia cherehani, anapinda pazia la kahawia.

"Naomba kuazima brashi na mafuta yaliyo kwenye droo," alisema Baba Pacha. "Drili haishiki biti."

"Unatoboa nini?"

Baba Pacha hakujaliwa kipaji cha uongo. "Nafunga komeo chumbani. Wifi yako anataka kunifungia nje."

Dada akatoa mguu kwenye kanyagio. "Umefanya nini?"

"Cherehani."

"Hii?"

"Hiyo."

"Si uliniambia ameridhia?"

"Nilisema hatakuwa na neno."

"Ulimwuliza?"

"Alikuwa kwa shangazi yake."

"Huyo shangazi hana simu?"

"Anayo," alisema Baba Pacha.

Dada akakata uzi kwa meno. Kisha akamwambia kaka yake maneno machache, mengine yakimgusa yeye na mengine yakimgusa marehemu baba yao, ambaye kwa maoni yake ndiye aliyemrithisha kile kichwa. Alipomaliza, akamwamuru ashike upande mmoja wa cherehani, yeye akashika mwingine, wakatoka nayo barabarani, meza yake, droo yake na vyote. Kila walipokutana na mtu anayewafahamu, Baba Pacha alisalimia kwanza.

"Nisamehe, wifi," alisema dada alipofika mlangoni, akihema. "Niliambiwa umekubali."

"Najua, wifi yangu. Wewe huna kosa. Pazia limebaki moja?"

"Moja na nusu."

"Niletee, nitakumalizia."

Wakacheka pamoja, wakashikana mikono, na dada akaondoka bila kumtazama kaka yake. Baba Pacha akatoa ndoo na fagio, akairudisha cherehani kwenye kona yake na kuifuta vumbi kwa kiganja.

"Basi," alisema.

"Basi nini?"

"Cherehani imerudi."

"Nimeiona," alisema Mama Pacha. "Mafuta yamo kwenye droo."

Akaketi kitandani na drili mapajani, kwa sababu brashi ilikuwa yake na hakutaka ichakazwe. Akamwambia mumewe afungue mdomo mpaka mwisho na kuugeuza chini, kisha augonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Vumbi la kijivu likamwagika kwenye gazeti. Akasugua kati ya meno, akatia tone moja la mafuta, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka lile jino la tatu likajitokeza kidogo, kisha likatoka lote na kwenda sambamba na wenzake.

Baba Pacha akatia biti. Ikateleza.

Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

"Mafuta yametapakaa mpaka kwenye biti," alisema Mama Pacha. Akachukua kitambaa, akafuta meno kwa nje, akafuta na shina la biti. "Sasa jaribu."

Akakaza, akaivuta biti kwa vidole. Haikutoka. Akaiweka kwenye alama, akabonyeza, na mbao ikaanza kutoa maranda membamba yaliyojikunja. Mama Pacha alitabasamu, kisha akakumbuka na kuacha.

Komeo lilikaa vizuri. Liliingia kwenye tundu lake bila kukwaruza popote.

"Asante, Baba Pacha," alisema mkewe, na jioni ilipofika akaingia chumbani, akalifunga.

Baba Pacha alisimama upande wa pili akiwa na mto wake mkononi.

"Linaingia vizuri?"

"Linaingia."

"Halichezi?"

"Halichezi."

"Skrubu ya chini ikilegea, uniambie."

"Nitakwambia."

Akalala kwenye sofa, ambalo lilikuwa fupi kwake. Asubuhi wakati wa chai alikaa akikoroga kikombe kisicho na sukari.

"Ningeweza kukupigia simu," alisema. "Sikupiga kwa sababu nilijua utakataa."

Mama Pacha aliweka birika chini. "Hapo sasa umesema," alijibu, akamsogezea sukari.

Lakini usiku huo pia komeo lilifungwa, na uliofuata. Baba Pacha hakulalamika. Alizoea kuweka miguu juu ya kiti mbele ya sofa, na kazini alikosema anaumwa shingo, wenzake walimpa pole na kumshauri abadilishe godoro.

Jioni moja Mama Pacha alitoka chumbani, akamkuta anatandika shuka lake sofani.

"Sijalifunga tangu juzi," alisema.

"Nilidhani limefungwa."

"Hukujaribu mlango?"

"Ungesikia kitasa."

Mama Pacha akafikiri kidogo. "Ningesikia," alikubali. Akauchukua mto, akautwanga kwa ngumi urudi kuwa mnene, akatangulia nao chumbani.