Maji ya Nusu Gurudumu

Pale kliniki walimwita Bi Taratibu, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na moja aliendesha gari la wagonjwa wa figo: anawafuata majumbani, anawapeleka kusafishwa damu, anawarudisha. Madereva wenzake walimtania kwamba hata konokono akiwa nyuma yake hupiga honi. Alicheka nao, na kesho yake mwendo ukawa uleule.

Kwenye mvua ndiko alikokuwa hana mzaha. Barabara ikifurika, hakuingiza gari kabla ya kukunja suruali na kutembea majini mwenyewe, akipapasa chini kwa fimbo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndivyo alivyosema kila mara. Yakizidi nusu ya gurudumu anageuza, hata kama njia ya kuzunguka itamla saa nzima.

Yote hayo alimfundisha shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi hapo kliniki baada ya bwana huyo kukaa kijiweni mwaka mzima. Shemeji alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Waliendesha gari moja kwa zamu, leo huyu, kesho yule.

Jumatano ile ilikuwa zamu ya Bi Taratibu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Alifika uwanja wa kliniki mapema, akatazama mafuta ya injini, akapiga tairi teke moja moja, akajaribu breki. Kabla hajawasha gari alimpigia mdogo wake.

"Maji hayajaingia ndani kwenu?"

"Tuko salama, dada," mdogo wake akajibu, kisha akaongeza, "Uendeshe vizuri."

Akawasha. Injini ilinguruma kuliko kawaida, akadhani ni baridi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja mshonaji, mtu mzima mwepesi kama kitambaa. Walipofika kwenye bonde karibu na kiwanda cha mbao, maji yalikuwa yamefunika lami. Bi Taratibu akashuka, akatembea hadi ng'ambo na kurudi. Hayakufika nusu ya gurudumu. Lori lilikuwa likija upande wa pili. Akalisubiri lipite na mawimbi yake yatulie. Ndipo akatia gia namba moja, akashika katikati ya barabara palipoinuka, mguu umetulia kwenye mafuta, hauongezi wala haupunguzi.

Katikati ya maji injini ikakohoa. Ikagonga mara moja, kama nyundo ndani ya pipa, ikazima.

Hakugusa ufunguo tena. Injini iliyomeza maji ukiilazimisha kuwaka unaimalizia. Alimbeba mshonaji mgongoni, akamvusha hadi pakavu, akapiga simu kliniki.

Mkuu wa usafiri alikuja na gari jingine, pamoja na shemeji wa Bi Taratibu, ameshika kamba ya kuvutia. Mshonaji akapakiwa, akaondoka na dereva mwingine. Watu wa kiwandani walikuwa wamejaa barazani wakitazama.

"Shemeji," akasema mume wa mdogo wake, sauti ikiwafikia wote, "si wewe uliyetufundisha? Maji hayataki mbio."

Hakuna aliyekuwa amesema kwamba alikimbia. Shemeji aliinamia kamba yake, akaifunga kwa makini, bila kumtazama usoni.

"Nilitembea kwanza," Bi Taratibu akamwambia mkuu. "Nilipima."

"Injini haifi kwa maji yaliyopimwa," mkuu akajibu, akanyoosha mkono apewe ufunguo. "Kapumzike nyumbani mpaka nikuite."

Hakwenda nyumbani. Alilifuata gari gereji, akakaa juu ya tairi kuukuu, nguo zikimkaukia mwilini. Saa tisa alasiri fundi akafungua boneti, akainama, akainuka.

"Nani aligusa hapa?"

Bomba linalovuta hewa kutoka juu lilikuwa limechomolewa, likining'inia nyuma ya injini, chini karibu na ardhi, mahali ambapo anayetazama mafuta haoni. Kisanduku cha kichujio cha hewa kilikuwa kitupu, na ndani yake kulikuwa na tope lililokauka.

"Hili tope si la leo," fundi akasema. "Jana mtu alilizamisha gari. Akachomoa kichujio, akamwaga maji, akafunika, akaacha bomba hivi. Mama, wewe hata ungepita kwenye maji ya kifuu, lingekunywa tu."

Jana ilikuwa zamu ya shemeji.

Alikwenda kwa mdogo wake kwa miguu. Njiani hakumuwazia shemeji yake sana. Aliwaza atakavyomwambia mdogo wake taratibu, asimshtue, na jinsi wangelia pamoja.

Alimkuta jikoni akimenya viazi. Dirishani, juu ya kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, kilikuwepo kichujio cha hewa kikianikwa.

Mdogo wake alifuata macho yake. Kisu kikasimama.

"Kaa kwanza, dada."

"Kimefikaje hapa?"

"Alikuja nacho jana jioni. Nikakisuuza. Alitaka akirudishe alfajiri kabla hujafika. Tukapitiwa na usingizi."

"Nilikupigia simu. Nilikuwa sijawasha gari."

"Ningesemaje? Yeye yuko kwenye majaribio, wangemfukuza siku hiyohiyo. Wewe wanakuamini. Kosa moja lisingekudhuru."

"Nilikuwa na mgonjwa ndani."

"Lakini hakuna aliyeumia," mdogo wake akasema, na kwa sauti yake ilionekana jambo hilo alishalipima na kulimaliza.

Bi Taratibu alimtazama. Huyu alimlea tangu akiwa na miaka sita, mama yao alipofariki. Alimsuka nywele, alimsomesha, alimsindikiza siku ya harusi. Akachukua kichujio pamoja na kitambaa chake.

"Ukikipeleka," mdogo wake akasema mlangoni, "umenivunjia nyumba yangu."

Asubuhi yake alikiweka mezani kwa mkuu wa usafiri, fundi akiwa kando yake. Shemeji alikana kwanza, kisha akasema aliogopa. Kabla ya Ijumaa hakuwa tena na kazi. Mkuu alimwomba Bi Taratibu radhi akiwa amesimama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na baada ya wiki tatu alirudishiwa gari likiwa na injini nyingine.

Kwa mdogo wake alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa, ingawa redio ilisikika ndani. Mara ya pili jirani alimwambia wamehama, hakujua wapi. Ndugu wengine walimwambia kwamba habari iliyozunguka kwenye ukoo ni moja: dada mkubwa amemfukuzisha shemeji yake kazi kwa sababu ya gari. Hakuna aliyetaja bomba wala mgonjwa.

Hakubishana nao. Namba ya mdogo wake bado anayo, na mvua ikinyesha usiku kucha huamka, huishika simu, huitazama, kisha huirudisha chini ya mto.