Salamu ya Mama Yapanda Ndege

Usiku wa jana niliota nimekwenda Asia kutembea, na sikushangaa. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi na ndala zangu za bluu, mkononi nina begi la kuazima la Mama Shufaa, jirani yetu, lile lenye gurudumu moja bovu. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Mlango wa kwetu ulifungukia ndani ya uwanja wa ndege, kwa hiyo hatukuhangaika na usafiri.

Kabla sijavuka kizingiti mama akanishika mkono. Akafungua pindo la kanga yake, pale anapofungia vitu asivyotaka vionekane, akatoa salamu akanipa.

"Mpe Hidaya," alisema. "Nimetuma mara hii tu. Ikirudi sitatuma nyingine."

Salamu yenyewe ilikuwa kubwa kama kuku anayeatamia, ya moto, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Ilikuwa inapumua. Niliipakata.

Hidaya ni mama yangu mdogo. Yeye na mama ni tumbo moja, wamefuatana. Yuko huko Asia anafanya kazi. Bibi alipofariki alikuja, akakaa msibani na wenzake, lakini akaondoka kabla ya arobaini kwa sababu tiketi ilikuwa na tarehe yake. Mama alisimama kwenye mlango huu huu akamwambia kama ndege haimngoji mtu, basi na yeye hamngoji mtu. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Jina la Hidaya limemkaa mama kama mwiba wa samaki kooni, hautoki wala hauteremki. Mimi nimekuwa nikimtazama anavyolimeza.

Basi nikaenda kwenye kaunta. Binti aliyekaa pale, mwenye skafu shingoni, akaniuliza kama kuna mtu amenipa kitu nimbebee.

Begi likaninong'oneza niseme hapana. Likasema kila mtu husema hapana, kwamba lenyewe limewahi kubebeshwa dagaa, limewahi kubebeshwa jiwe la kusagia, na safari zote walisema hapana wakapita vizuri. Lakini mimi nikiulizwa hujibu. Nikasema ndiyo, nimebeba salamu.

"Mpya au ya siku nyingi?" binti akauliza.

"Ya siku nyingi."

Akaniambia niiweke kwenye mizani. Mizani ikaguna kama mtu aliyekaliwa na mgeni mnene.

"Nzito hii," mizani ikasema. "Si kwa ukubwa. Kwa kukaa."

Binti akaibandika karatasi, akanieleza utaratibu. Salamu ya kubebeshwa lazima iingie mikononi mwa mwenyewe kabla ndege yangu ya kurudi haijaitwa kwa mara ya mwisho. Ikichelewa, inarudishwa kwa aliyeituma, na inarudi imepoa. Nikamuuliza kama ikipoa inaweza kupashwa moto. Akasema hajawahi kuona.

Kwenye mashine ya ukaguzi begi lilipita limefumba macho, maana ndani halikuwa na kitu na liliona aibu. Salamu ilipopita, askari akaegemea kioo akatazama kwa muda.

"Naona goti," alisema. "La nani?"

Sikujua. Magoti yangu yote mawili nilikuwa nayo. Askari akasema basi ni la mwenye salamu, akaniruhusu.

Mbele kulikuwa na mzee wa uhamiaji. Akauliza nimekuja kufanya nini, nikasema kutembea. Akaweka kalamu chini.

"Tembea basi."

Nikatembea mpaka ukutani, nikarudi. Akaniangalia miguu, akamwambia mwenzake huyu kweli anatembea, akanigongea muhuri.

Sakafu ya huko inakwenda yenyewe. Nikaiambia nimeagizwa nitembee, isinipunguzie kazi. Sakafu ikasema nisimame tu, itatembea kwa niaba yangu, na muhuri utakubali. Nikasimama. Tukapita Dubai, manukato kila upande. Nikafumba macho kwa ajili ya manukato, nilipofumbua ilikuwa Singapore. Ndani ya jengo, kutoka darini, yanaporomoka maji mengi kuliko mto wa kwetu, na watu wanapiga picha. Hakuna hata mmoja aliyekinga ndoo. Iliniuma sana. Maji yakaniona ninavyoumia, yakasema nisijali, yenyewe yamezoea kuanguka bure.

Kisha sakafu ikaisha, nami nikajikuta kwenye uwanja wa michezo, ule wa watu kulipa ili watishwe. Juu kuna reli zinazojikunja kama utumbo wa mbuzi, na vigari vinapita vimejaa watu wanaopiga kelele kwa hiari yao. Katikati kuna gurudumu kubwa limepakiwa viti, limeziba nusu ya mbingu.

Langoni amesimama dubu wa mbao amenyoosha mkono. Kazi yake ni kupima watoto kimo. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza kama amemwona mwanamke wa Muheza anaitwa Hidaya.

"Yuko kwenye gurudumu," dubu alisema. "Alipanda akapumzike kidogo. Hajashuka."

"Kwa nini hashuki?"

Dubu akanionyesha kibao. Kimeandikwa USISHUKE MPAKA GURUDUMU LISIMAME KABISA.

"Halijawahi kusimama kabisa," alisema. "Na yule ni mtu wa kufuata kanuni."

Nikaingia kwenye foleni. Ilikuwa foleni ya watu walioizoea. Wengine walikuwa wameinjika chai. Kwenye kona ya pili kuna mtoto alizaliwa pale pale, sasa anagombezwa kwa kutomaliza hesabu za shule. Mbele yangu alisimama bibi mmoja mwenye kifeni cha mkononi, sura ya huko huko, Kiswahili cha Pangani kabisa. Nikamuuliza foleni inakwendaje. Akasema inakwenda vizuri, yeye amesogea ujana wake wote.

Hapo spika ikaniita, "Abiria Mwajabu wa Muheza, ndege yako inajiandaa."

Salamu ikajigeuza kwapani kwangu. Niliigusa, upande mmoja umeanza kupoa.

Mimi si mtu wa kukimbia huku na huku. Nikisimama mahali hutazama. Nikatazama gurudumu, nikaona kiti kimoja cha njano kinashuka upande wa nyuma, kinapita karibu kabisa na uzio, karibu kiasi cha jirani kukupa chumvi dirishani, halafu kinapanda tena. Kwenye kiti amekaa mwanamke amenipa mgongo. Ule mgongo naujua. Ni wa mama, ila umevaa koti.

Lakini kibao kingine kilisema atakayetoka kwenye foleni amepoteza nafasi yake. Na mimi gurudumu nalitaka, sitasema uongo, nilikuwa nimekuja kutembea. Basi nikafanya kama tunavyofanya bombani. Kwetu ukiweka ndoo kwenye mstari, au jiwe, au kiatu, wewe umo, hata kama umeenda kupika. Nikavua ndala ya kushoto nikaiweka chini.

Bibi wa kifeni akaitazama. "Huyu nani?"

"Ni mimi."

"Haya, karibu," akaiambia ndala, akaendelea kujipepea.

"Nenda tu," ndala ikaniambia. "Mimi nimeshangoja maji tangu asubuhi mpaka magharibi, juani. Hapa pana kivuli."

Nikaenda. Kwenye uzio nikamkuta dubu amefika kabla yangu, mkono umenyooka. Akanipima, akasema mimi napita, salamu haipiti, ni fupi. Nikajitwika kichwani kama ndoo. Dubu akapima tena.

"Sasa mmefika," alisema.

Kiti cha njano kikaja.

"Shikamoo, mama mdogo."

Kikapita. Kikapanda mpaka kikawa kama punje ya choroko, kikazunguka, kikashuka.

"Marahaba," mama mdogo akasema, hakugeuka, akapita.

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana. Kila mzunguko neno moja. Mzunguko mmoja aliniuliza habari za nyumbani, mwingine nikasema nzuri. Akauliza mvua, akaenda juu, nikajibu mvua. Akauliza michungwa, akauliza mbuzi, akauliza kama Mama Shufaa bado anagombana na kuku wa watu. Begi likaanza kupiga chini gurudumu lake bovu. Likasema nifupishe, nitupe mzigo tuondoke, ndege haimngoji mtu. Nikaliambia salamu hazifupishwi. Nikiruka hali nikakimbilia ujumbe, mama mdogo atajua kuna msiba, atazimia huko juu.

Spika ikasema ndege yangu sasa iko karibu kuitwa kwa mara ya mwisho. Ikasema kwa huruma, lakini ikasema.

Kiti kikaja. Nikasema, "Mama amekutumia salamu."

Kikapanda. Mzunguko ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Niligusa kile kifurushi kichwani, kilikuwa kimebaki na joto katikati tu, kama kiazi kilichoipuliwa kitambo. Nilingoja. Kiti kilipotokea tena, mama mdogo alikuwa amegeuka. Amezeeka kwenye macho tu. Mikono yote miwili ilikuwa nje ya kiti, jambo ambalo kibao kingine kinakataza.

Nikainua salamu. Akaipokea, akapanda nayo.

Kule juu kabisa akafungua fundo, na sauti ya mama ikatoka, ikasikika uwanja mzima. Watu waliokuwa wanapiga kelele kwenye vigari wakanyamaza kwa adabu.

"Hidaya. Goti la kushoto limenikataa, sijamwambia mtu. Siku ya arobaini ya mama niliutandika mkeka wako. Watu wakauliza wa nani, nikasema wa mdogo wangu, amepata safari. Hakuna aliyeukalia mpaka tunamaliza. Wewe hujambo?"

Kiti kikaanza kushuka, polepole. Mama mdogo alikuwa amejifunika mdomo na kile kipande cha kanga. Spika ikavuta pumzi ya kuniita. Hata dubu aliushusha mkono. Kiti kilipofika usawa wangu, mama mdogo akakitoa kile kipande mdomoni. Hakuniangalia mimi.

"Sijambo, dada," alisema.

Gurudumu likasimama.

Dubu akakisoma kibao chake tangu mwanzo, akagusa gurudumu kwa kidole, akasema hili sasa limesimama kabisa, ruksa. Mama mdogo akashuka. Alijishika kwenye uzio, anayumba kama mtu aliyeteremka kwenye basi la Mwanza. Kule kwenye foleni watu wakasema aah, wakasogea hatua moja, na ndala yangu ikasogea nao.

Nilimuuliza kama ana salamu za kurudisha, maana begi lina nafasi. Akafuta uso, akacheka kidogo.

"Hizo sikupi wewe, mwanangu. Nitampa mwenyewe."

Basi ile spika ikaniita kwa mara ya mwisho, nami nikakimbia, begi nyuma yangu linachechemea. Sakafu ikakimbia pamoja nasi. Tukafika, lango limefungwa. Mle ndani hakuna mtu, taa zimezimwa, na moyo wangu nikausikia unashuka ngazi.

Halafu nikatazama dirishani. Ndege ilikuwa bado nje, imesimama pembeni, imeinamisha kichwa chini kama mtu anayejifanya anatafuta funguo zilizoanguka. Iliponiona ikafungua mlango haraka.

"Nimekungoja," ndege ikasema. "Usimwambie mama yako."

Nikaahidi. Nikakaa kwenye kiti, nikafunga mkanda, na mwili wote ukalegea kama nguo iliyotolewa majini. Ndipo nikaona mguu wangu wa kushoto uko peku. Nikaiomba ndege irudi kidogo, nimeacha kitu kwenye foleni. Ndege ikasema hakikuachwa, kiko kazini. Mawingu yakaja dirishani, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilibaki kitandani nikiwa mwepesi, sijui kwa nini, mpaka nikasikia sauti ya mama uani. Alikuwa anaongea na simu. Mama kwenye simu husema maneno machache kisha hukata. Leo alikuwa anaongea tu. Aliuliza mvua ya huko. Akaeleza michungwa, akaeleza mbuzi, akamsema Mama Shufaa na kuku wa watu. 

"Goti?" alisema. "Nani kakuambia habari za goti langu, Hidaya?"

Akasikiliza. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia puani, ambacho sijakisikia tangu msiba wa bibi.

Nikashusha miguu ili nitoke nikamwamkie. Wa kulia ukaingia kwenye ndala. Wa kushoto ukakanyaga sakafu. Nikainama nikaangalia uvunguni, nikaangalia nyuma ya mlango, nikalivuta na sanduku. Haikuwepo.

Nikatoka hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoosha mguu wake mbovu, simu bado iko sikioni. Akanitazama kuanzia chini.

"Mbona mguu mmoja? Ndala nyingine iko wapi?"

Nikamwambia nitaiona tu, isimtie shaka. Sikutaka mtu aniletee. Foleni inasogea, na mimi gurudumu bado sijapanda.