Mtunza Muda wa Semina

Jenereta ilikohoa, ikanguruma, kisha kipaza sauti kikapiga ukelele wa kutoboa masikio. Hivyo ndivyo semina yetu ya walimu ilivyofunguliwa Ijumaa ile, katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny, kwenye ukumbi wenye baridi ambayo hakuna darasa la Juba lililowahi kuionja.

Kando yangu aliketi Ustaz Lodu wa Gumbo, ng'ambo ya mto. Miaka yote ya vita alifundisha hesabu kwa Kiarabu. Sasa amani imekuja na amri yake: kuanzia Jumatatu ni Kiingereza, asiyekiweza atoke darasani. Lodu alikuja kujifunza hicho tu.

Mkufunzi, Bwana Norman kutoka Kampala, alisema kwanza tuunde serikali ya semina. Moto ukawaka. Sisi tuliosomea Kenya tulidai uenyekiti. Waliosomea Khartoum wakataka asilimia zao za vyeo, kama vilivyogawanywa kwenye mkataba wa amani. Tulibishana hadi chai, tukagombana hadi chakula cha mchana. Mwishowe nikawa mwenyekiti, nikapewa makamu wawili na waziri wa soda. Aliyesinzia alisimamishwa apige makofi ya kuchangamsha damu. Lodu, kwa kuwa saa yake ilikuwa inatembea, akawa mtunza muda.

Alasiri Norman akapanga vyeti mezani. "Walimu, hongereni! Muda wetu umekwisha."

Lodu akasimama. "Haijaisha."

"Mzee, mgeni rasmi anangoja."

"Nani mtunza muda hapa? Mimi. Mulinipigia kura. Saa yangu inasema muda iko. Sasa fundisha: nikikata chungwa nusu, nikikata robo, nitaambia watoto nini kwa Kiingereza?"

Waziri wa soda akacheka. "Ustaz, kula chungwa yako, chukua cheti!"

"Cheti itasimama ubaoni badala yangu?"

Norman akapekua makaratasi yake. Makofi yalikuwemo, matarajio ya washiriki yalikuwemo; robo haikuwemo. "Swali zuri sana," akasema. "Tutaliweka kwenye semina ijayo."

Jenereta ikazimwa.

Langoni Lodu alikuwa amekunja cheti chake kama karatasi ya kufungia karanga. "Kur, ndugu yangu," akaniambia, "Jumatatu watanitoa."

"Hawakutoi!" nikasema kwa sauti, mawaziri wangu wote wasikie. "Kesho asubuhi navuka daraja na chaki yangu, nakuja kwako Gumbo. Siondoki mpaka useme nusu na robo kwa Kiingereza. Naahidi, Ustaz."